Bibi Mwenye Bustani

Kama wewe ni msomaji wa riwaya za upelelezi, huenda umeshaona jambo hili: wapelelezi wengi maarufu wana mkono wa shamba. Sajini Cuff, katika The Moonstone ya Wilkie Collins (1868), anaitwa kuchunguza almasi iliyoibwa, lakini akifika tu macho yanamtoka kwa mawaridi. Anabishana na mtunza bustani kuhusu namna ya kuyapandikiza, na ndoto yake ni kustaafu ili ayalime. Nero Wolfe wa Rex Stout ana maelfu ya okidi juu ya paa la nyumba yake mjini New York. Saa tatu mpaka saa tano asubuhi yuko nazo, na saa kumi mpaka saa kumi na mbili jioni yuko nazo tena. Mteja mwenye haraka na asubiri. Hercule Poirot naye, mwanzoni mwa The Murder of Roger Ackroyd (1926), amejificha kijijini analima mamumunye, na siku yakimuudhi analirusha moja juu ya ukuta, nusura limpate jirani yake.

Halafu yuko Sherlock Holmes. Katika kitabu chake cha kwanza, A Study in Scarlet (1887), Dakta Watson anaandika orodha ya mambo ambayo rafiki yake anayajua na asiyoyajua. Kwenye mimea anasema hivi, kwa maneno yangu: sumu anazijua sana, kulima hajui kitu. Yaani Holmes anaujua mmea ukishaingia kwenye chupa. Ulivyokuwa kabla ya hapo, nani aliupanda, nani anaumwagilia, hayo hayamhusu.

Anayehusika nayo ni bibi mmoja wa kijiji cha St. Mary Mead, na huyo ndiye ninayetaka tumzungumze. Tahadhari mapema: nitafichua miisho ya hadithi tatu za Agatha Christie. Kama hujazisoma na unataka kuzisoma bila kujua, basi hapa tuagane kwa heri.

Christie hakuokota sumu zake vitabuni. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alihudumu hospitalini huko Torquay, kwanza kama muuguzi, halafu kwenye chumba cha dawa, na mwaka 1917 alifaulu mtihani wa wasaidizi wa wafamasia. Riwaya yake ya kwanza, The Mysterious Affair at Styles, iliyotoka mwaka 1920, mauaji yake ni ya striknini, na jarida moja la wafamasia lilimsifu kwa kuijua kazi. Kwa hiyo alipoandika kuhusu mimea alikuwa ameshaelewa kitu ambacho kila anayepima dawa anakijua: mmea unaoponya na mmea unaoua mara nyingi ni mmoja, na tofauti iko kwenye kipimo na kwenye mkono.

Miss Marple anaishi katikati ya tofauti hiyo. Katika The Murder at the Vicarage (1930) mchungaji wa kijiji anatania kwamba bustani ya bibi huyu ni pazia. Akiwa ameinama anang'oa magugu, anaona nani kapita, kapita saa ngapi, na mkononi hakuwa na nini. Nani atamshuku kikongwe mwenye jembe dogo? Kila mtu anapita mbele yake kana kwamba ni kichaka kingine.

Lakini kuona wapita njia ni sehemu ndogo. Sehemu kubwa ni kwamba anaijua mimea yenyewe, na mimea haipendelei mtu. Chukua Nemesis (1971). Miss Marple anatembelea nyumba ya dada watatu. Kwenye bustani iliyochakaa anaona kifusi cha nyumba ya vioo ya kuoteshea miche, kimefunikwa na mtambaazi wenye maua meupe. Mgeni wa kawaida angesema, maua mazuri haya. Yeye anaujua ule mtambaazi: unakua mbio, unameza kila kilicho karibu nao. Anajiuliza kwa nini mtu aliyekuwa na bustani nzuri apande mmea wa namna hiyo mahali hapo. Jibu ni kwamba chini yake amezikwa msichana.

Au chukua Sad Cypress (1940), ambayo ni ya Poirot. Muuguzi ana alama ya kudungwa mkononi. Anasema ni mwiba wa waridi pale mlangoni. Maelezo yanatosha kabisa, waridi si ndiyo lina miiba? Ila waridi la mlango ule ni la aina iitwayo Zéphirine Drouhin, na aina hiyo haina miiba. Alama ilikuwa ya sindano. Alikuwa amekunywa chai ileile yenye mofini aliyomnywesha marehemu, kisha akajidunga dawa ya kujitapisha. Uongo wote wa mwanamke yule uliangushwa na ua lisilojua kusema.

Hadithi ya tatu ni fupi, The Herb of Death, iliyomo katika The Thirteen Problems (1932), na ninaipenda kuliko zote. Jikoni wanachuma majani ya seji, kiungo cha kupikia bata. Kumbe katikati ya seji pameota dijitalisi, mmea ambao madaktari wameutumia kwa ugonjwa wa moyo tangu karne ya 18, na ambao ukizidi unausimamisha moyo huohuo. Majani yanachanganyika, watu wanakula, wote wanaugua, msichana mmoja anafariki. Kila mtu anasema bahati mbaya, majani yamefanana. Miss Marple anauliza swali dogo: kama wote wamekula chakula kile kile, mbona amekufa mmoja? Majani yalikuwa kisingizio. Aliyekufa alipewa dozi yake pembeni, na mpaji alikuwa mzee wa nyumba mwenyewe.

Wote wamekula, amekufa mmoja. Shika swali hilo, tutalihitaji tukifika Mtwara.

Kabla ya kufika huko, tuone mimea ya Afrika imeingiaje kwenye riwaya hizi. Mwaka 1910 Conan Doyle alitoa hadithi ya Holmes iitwayo The Adventure of the Devil's Foot. Watu wanakufa kwa hofu, nyuso zimewakakamaa, kwa sababu ya unga wa mzizi uliochomwa ndani ya chumba. Mzizi huo, anasema msafiri aliyeuleta Uingereza, unatoka nchi ya Ubangi, na waganga wa Afrika huutumia kuwapima watuhumiwa. Mmea huo haupo. Conan Doyle aliutunga. Alihitaji kitu ambacho msomaji wa London hawezi kukikagua, akatazama kusini.

Cha kushangaza, hakuhitaji kutunga. Kule Calabar, Nigeria ya leo, kulikuwa na kunde halisi ya kuwapima watuhumiwa wa uchawi: ukitapika huna hatia, ukifa ulikuwa nayo. Kutoka kwenye kunde hiyo wanasayansi wa karne ya 19 walipata dawa ya presha ya macho, ile eserini ambayo Christie aliitumia kuulia mzee katika Crooked House (1949). Na karibu zaidi na sisi, John Kirk, aliyekuwa kwenye msafara wa Livingstone wa Zambezi na baadaye akawa balozi wa Uingereza Zanzibar, aligundua kwamba sumu ya mishale ya watu wa huko inabadilisha mapigo ya moyo wake. Inasemekana mswaki wake ulikuwa umegusana nayo. Sumu ile ilifika kwenye maabara ya Edinburgh na ikawa dawa ya moyo.

Tazama mpangilio wake. Kwenye habari hizi zote Mwafrika yupo, anaujua mmea, anajua kipimo, anajua ufanye nini na mzizi na ufanye nini na mbegu. Ila jina hana. Yeye ni "mganga" au "wenyeji". Mmea umepata safari ya Ulaya, mwenye bustani amebaki gizani.

Sasa turudi kwenye riwaya zetu wenyewe. Muhammed Said Abdulla, baba wa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili, alikuwa mhariri wa jarida la kilimo. Ndiyo, Mkulima. Alilihariri kuanzia mwaka 1958 mpaka alipostaafu mwaka 1968. Kabla ya kuwa mwandishi wa habari alikuwa mkaguzi wa afya Zanzibar. Mtu wa visima, mashimo na mashamba. Niliposoma habari hiyo niliweka kitabu chini nikacheka peke yangu, maana iliniambia kitu kuhusu Bwana Msa ambacho nilikuwa nakihisi bila kukisema. Bwana Msa, na kiko chake na rafiki yake Najum, ni mtu anayekwenda kuangalia mahali wengine wanapopaogopa. Mzimu wa Watu wa Kale, iliyopata tuzo ya kwanza katika shindano la East African Literature Bureau la 1957-58, tayari jina lake linatisha. Kisima cha Giningi (1968) inabeba jina ambalo kwa wazee wa Unguja ni makao ya wachawi. Mwandishi anakupeleka palepale kwenye hofu, halafu anauliza kama mkaguzi: nani alikuwa hapa, saa ngapi, kwa faida ya nani? Pepo linaondoka, anabaki mwanadamu mwenye sababu zake.

Waliomfuata walihamia mjini. Faraji Katalambulla alitupa Simu ya Kifo mwaka 1965, Elvis Musiba akaja na Willy Gamba, Ben Mtobwa na Joram Kiango. Nimewasoma kwa tochi chini ya shuka na sina neno baya juu yao. Ila hakuna anayeinama kung'oa magugu. Ni bastola, simu, hoteli, magari. Mimea ilibaki kijijini, na katika hadithi zetu nyingi na filamu zetu nyingi zaidi, mmea ukitokea tu ujue nyuma yake yupo mganga mwenye kaniki nyekundu, au kikongwe mwenye nia mbaya.

Hapo ndipo pananiuma, na sababu yenyewe inatoka nyumbani.

Bibi yangu mzaa mama aliishi kwenye uwanda wa juu wa Wamakonde, mkoani Mtwara. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na kipande cha ardhi ambacho sisi wajukuu tulikiita bustani, ingawa mzungu asingekiita hivyo. Hakikuwa na mistari. Mchaichai, mlonge, mwarobaini, kivumbasi, mbarika pembeni, mbono kaburi kama uzio, na vichaka vingine ambavyo majina yake aliyajua kwa Kimakonde tu. Mtoto wa jirani akikohoa, mama yake anatuma mtu: nenda kwa bibi. Hakuuza. Ukileta vibaba viwili vya korosho, sawa. Usipoleta, sawa vilevile.

Mwaka mmoja, katikati ya miaka ya tisini, nilikuwa kwake likizo ya Desemba. Mvua ya mwaka uliopita ilikuwa mbovu na maghala yalikuwa matupu. Jioni moja mtoto mdogo wa nyumba ya tatu aliletwa anakohoa, bibi akamchemshia mchaichai, akanywa, wakaondoka. Usiku ule nyumba ile yote ilitapika. Watoto watatu, mama yao, shangazi yao. Kizunguzungu, kichwa, kutapika. Kabla ya alfajiri yule mdogo alifariki, wakiwa njiani kwenda zahanati.

Wote wameugua, amekufa mmoja. Na yule mmoja ndiye aliyekunywa majani ya bibi.

Hakuna aliyesema kwa sauti. Kijijini haya mambo hayasemwi, yanapikwa. Uliona tu njia iliyokuwa na watu haina watu. Uliona wanawake kisimani wananyamaza bibi akifika. Kijana mmoja alipita mbele ya nyumba akatema mate, akarudi akapita tena. Mama mdogo aliniambia nisitoke nje usiku. Bibi alikuwa na macho mekundu, kama walivyo wanawake wote waliopikia kuni miaka sitini, na nchi hii ninyi nyote mnajua macho mekundu ya kikongwe yamesababisha nini. Kanda ya Ziwa wameuawa wangapi kwa tuhuma za uchawi, na ushahidi wenyewe ni moshi wa jikoni.

Kwenye mazishi bibi alikwenda, akakaa mbali. Alisema sentensi moja tu, kwa wazee: "Waulizeni ile mihogo wameing'oa wapi." Hakuna aliyeuliza. Nani anamsikiliza mshukiwa?

Siku ya tatu akaja bwana shamba. Alikuja na baiskeli kwa mambo ya korosho, akaambiwa kuna msiba, akaenda kutoa pole. Akiwa amekaa pale kwenye mkeka akauliza, kama mtu anayeongea ya kuongea: "Siku ile walikula nini?" Wakamwambia, mihogo. "Ya shamba lipi?" Kumbe ilikuwa ya mpakani, mihogo michungu iliyopandwa ili nguruwe pori wasisogee. Mihogo ile ina sayanidi, na wazee wanajua dawa yake: unaimenya, unailoweka, unaianika siku nyingi mpaka iwe makopa. Lakini njaa haina siku nyingi. Mama wa watu aliing'oa, akaichemsha, akawapa watoto wake. Mtoto mdogo kuliko wote mwili wake ulikuwa mwembamba zaidi, na sumu ileile ilikuwa nyingi kwake. Mtwara inalijua jambo hili mpaka leo. Hata ule ugonjwa wa miguu kupooza uitwao konzo, unaotokana na mihogo isiyotayarishwa vizuri, umeripotiwa huko.

Bwana shamba akaaminiwa. Njia ikaanza kupata watu. Alichokisema kilikuwa kilekile alichokisema bibi siku mbili kabla, tena kwa maneno machache.

Sikuwa nimemsoma Christie bado. Nilipokuja kuisoma The Herb of Death nikiwa mtu mzima, nilisimama kwenye kitu ambacho wasomaji wengi wanakipita. Miss Marple hazungumzi peke yake. Pale sebuleni, miongoni mwa wanaosikiliza, yupo Sir Henry Clithering, mkuu mstaafu wa Scotland Yard, ambaye anamheshimu na kumbebea neno lake mpaka kwa polisi. Bila Sir Henry, bibi yule angebaki na ukweli wake mkononi pamoja na magugu. Christie alilijua hilo. Kipaji cha Miss Marple ni nusu ya hadithi. Nusu nyingine ni kwamba kuna mtu alimwamini kabla ya maiti ya pili.

Bibi yangu aliaminiwa baada ya bwana shamba, na kwa kweli haikutosha. Akina mama walirudi kusalimia, lakini mtoto akikohoa hawakutuma tena. Yeye naye hakutoa tena. Likizo zilizofuata niliona bustani inapungua. Palipokuwa na vichaka vya majina ya Kimakonde pakawa na mchicha, mchicha mtupu, kitu ambacho hakuna anayeweza kukishtaki. Nilimwonyesha kichaka kimoja kilichobaki karibu na choo, nikamuuliza kinaitwaje na kinatibu nini. Alinitazama kidogo. "Majani tu hayo, mjukuu wangu."

Amekufa na jina hilo. Wapo wataalamu wa mimea watakaonipa la Kilatini, na nashukuru. Ila alichokijua yeye, wakati gani wa kuchuma, upande gani wa mzizi, kipimo cha mtoto na kipimo cha mtu mzima, hicho kimekwenda.

Ndiyo maana sioni bustani katika riwaya ya upelelezi kuwa pambo. Muundo wa riwaya hii unatufundisha kumshuku anayeonekana, kisha unatuaibisha kwa kumtoa msafi na kutuonyesha ushahidi uliokuwa mbele yetu tangu ukurasa wa kumi. Waingereza waliutumia muundo huo kumpa kikongwe wa kijiji heshima ambayo kijiji chenyewe hakikumpa. Sisi tuna vikongwe, tuna vijiji, tuna sumu kwenye sahani ya chakula cha kila siku, na tuna msomaji ambaye anaijua hofu hiyo kwa jina. Bwana Msa alishafungua njia: alionyesha kwamba unaweza kuingia kwenye mzimu ukatoka na jina la muuaji. Kilichobaki ni kumpa jembe dogo mtu ambaye, katika hadithi zetu, hufika ukurasa wa mwisho akiwa ameshachomewa nyumba.

Vifaa vipo tele. Mbarika inaota kwenye jalala la kila mtaa wa Dar es Salaam, na mbegu zake zina risini, sumu ambayo Christie aliitumia mwaka 1929 katika Partners in Crime. Mnanaha unachanua maua meupe kando ya barabara na watoto wanauchezea. Msunguti, ambao wawindaji wa pwani walichemsha magome yake kwa ajili ya mishale, una matunda yanayovutia macho. Na kuna uzio wa mbono kaburi, ambao tayari jina lake ni jina la riwaya. Anatakiwa mwandishi mmoja tu wa kumweka bibi katikati ya hayo yote, ameinama, macho mekundu, kanga imefungwa kiunoni, na kijiji kizima kimeshaamua ni yeye. Halafu amwache aseme sentensi yake moja, na safari hii awepo mtu mmoja wa kuuliza: ile mihogo, bibi, unadhani waliing'oa wapi?